Friji ya Minyoo

Mtaani kwetu, kisiwani Amu, hakuna aliyeona ajabu Mwalimu alipostaafu akaanza kufuga. Wastaafu hufuga. Yupo aliyefuga njiwa, yupo aliyefuga bata, na mmoja alifuga kesi ya kiambaza na jirani yake mpaka ikaota mvi. Ajabu ilikuwa friji.

Friji ilitoka Ras Kitau, kwenye nyumba moja ya wageni iliyokuwa ikiuza vyombo vyake, ikavushwa kwa boti Ijumaa mchana, watu wakitoka msikitini. Ilikuwa na mlango wa kioo, na ndani rafu za mbao zilizochongwa mabonde ya kulazia chupa. Hata mtoto wa chuo cha Kurani angejua ilikuwa ya kuwekea nini. Punda aliyeletwa kuibeba aliinusa akagoma, na kugoma kwa punda yule kukasimuliwa mtaani kama fatwa. Ikabidi ibebwe na mahamali wawili. Mwalimu alitangulia mbele, kanzu nyeupe na kofia niliyomshonea mimi kwa mkono wangu, akisema, "Ndia, ndia," na watu wakijibana ukutani kumpisha.

Mwenye duka la kona ndiye aliyethubutu.

"Mwalimu, hini si friji ya mvinyo?"

"Ilikuwa," Mwalimu alijibu. "Sasa ni friji ya minyoo."

Nadhani watu wangependelea mvinyo. Mvinyo tunaujua. Una makatazo yake na una toba yake. Minyoo hakuna aliyejua aisomee dua gani.

Mimi nyumba yangu inatazamana na yake. Mchana kutwa huketi barazani nikishona kofia, kwa hiyo lipitalo mlangoni kwake hupita mbele ya sindano yangu. Isitoshe alinisomesha baiolojia, akaniambia nilipokuwa msichana kwamba nina mkono mtulivu na ulimi usiotulia, na sijawahi kupata sababu ya kumbishia. Jina lake silitaji. Mtaani hakuwa nalo. Alikuwa Mwalimu tu, nami Bi Fundi kwa ajili ya kofia, na dadake mkubwa aliyeishi naye, mjane asiye na mtoto, alikuwa Bi Faluda.

Huyo dadake ndiye asili ya minyoo, kwa hiyo nimweleze. Ramadhani ilikuwa haifungiki mtaani petu bila faluda yake. Alichemsha zile nyuzi nyeupe zitokanazo na mwani, akatia maziwa, sukari, iliki na mawaridi, akaigandisha kwenye visahani vya kioo alivyoletewa arusini, akavipeleka nyumba baada ya nyumba kabla ya magharibi. Na kwetu kisahani cha jirani hakirudi kitupu. Ukirudisha kitupu hutasemwa, ila utakumbukwa. Basi visahani vyake vilizunguka mwezi mzima, vikienda na faluda na kurudi na sambusa, tende au vibibi, na yeye akivijua vyote, kipi kimepasuka ukingo na kilipasukia kwa nani.

Kisha alasiri moja aliniletea faluda mara tatu. Kila mara aliniamkia kama hatujaonana, akaniita, "Ndoo upokee, mwanangu, ingali baridi." Nilipokea zote tatu. Cha tatu nilipokipokea nilimwona Mwalimu amesimama mlangoni kwake akitutazama. Tangu hapo Bi Faluda alianza kupotea baina ya kisima na jiko, nyumbani mwake mwenyewe.

Mwalimu alimpeleka bara kwa daktari. Waliporudi, Mwalimu aliniambia barazani kwamba neva za dadake zinakufa kidogo kidogo, na dawa ya kuzirudisha haipo. Alilia, na sikujua nitazame wapi, maana sijawahi kuona mwalimu akilia. Kisha akajifuta kwa mkono wa kanzu, akaniuliza kama nina jicho zuri la kuona vitu vidogo.

*

Hoja yake ilikuwa hii, na alinieleza mara nyingi hata ningeweza kuisoma kwa tajwidi. Hewa tunayoipumua ndiyo inayotupa uhai, na ndiyo hiyo hiyo inayotula. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna moto unaounguza chakula, na moto huo hurusha cheche. Mtu akiwa kijana mwili huzizima. Akizeeka, au akiugua, cheche huwa nyingi kuliko wazimaji, na kinachoungua mapema ni neva. "Ni kutu, Bi Fundi," alisema. "Chuma hushika kutu kwa hewa. Sisi pia."

Sasa, kuna mnyoo mmoja mdogo mno, mviringo, mwangavu, aishiye kwenye matunda yaliyooza. Hana uhusiano na tumbo la mtu. Urefu wake ni kama nukta uliyoivuta kidogo kwa kalamu. Ana neva mia tatu na mbili basi, na wataalamu wanaijua kila moja na mahali ilipo. Huzaliwa, huzaa, huzeeka na kufa katika wiki chache. Na neva zake hushika kutu kama zetu.

"Kwa nini usitumie panya?" nilimuuliza.

"Panya huishi miaka. Dadangu hana miaka ya kunipa."

Basi mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa akifanya kazi chuo kikuu bara, alimpelekea mbegu ya minyoo pamoja na vijidudu visivyo na madhara wanavyokula. Lakini minyoo hawa hupenda baridi ya kiasi. Joto letu huwafanya wasizae, na baridi ya friji ya samaki huwadumaza. Katika vyombo vyote vya kisiwani, kimoja tu hutunza baridi ya katikati siku nzima, nacho ni kile ambacho wazungu hutunzia mvinyo. Ndiyo hiyo friji. Aliwaeleza hivyo watu msikitini, kwa utaratibu, na mchoro. Wakasikiliza vizuri, wakatoka wakisema Mwalimu amenunua friji ya pombe na sasa anaisingizia minyoo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Minyoo hulelewa juu ya tabaka la kitu laini kigandacho, na kigandacho hicho, ukikipeleleza asili yake, ni zile zile nyuzi za mwani. Mwalimu alizichota kwenye kopo la dadake. Visahani vya maabara hakuwa navyo, akachukua visahani vya faluda. Akavichemsha, akamimina ujiuji wake, ukaganda safi unang'aa, bila sukari, na chumvi kidogo. Kisha kila kundi la minyoo akalilisha kitu cha kwetu. Hawa maji ya ukwaju, hawa tangawizi, hawa habasoda, hawa ndimu, hawa kunazi. Kundi moja alilipa halua, kwa kuwa imamu alimwomba. Wote akawatilia ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, ambayo ndiyo iwazidishiayo cheche, akangoja aone nani atazeeka vibaya.

Hao wa kunazi walileta maneno. Mkunazi kwetu majani yake huoshea maiti. Watu wakasema Mwalimu anawaosha kabisa kabla hawajafa, apunguze kazi.

*

Kujua mnyoo kama neva zake zingali hai, humgusa. Ukimgusa kichwani taratibu hurudi nyuma, kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Asiporudi, neva zimekwenda. Lakini humgusi kwa sindano. Humgusa kwa unywele mwembamba uliogundishwa kwenye kijiti, na unywele bora ni wa kope au nyusi.

Hapo Mwalimu alifanya kosa ambalo mtu wa Amu hapaswi kulifanya hata akiwa na shahada. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba nywele.

Hebu fikiria. Mtu aliyeleta friji ya pombe, ambaye nyumbani mwake mna viumbe visivyoonekana, anakupigia hodi na baada ya salamu anakuomba unywele wako mmoja wa jicho. Milango ilifungwa mpaka upande wa pili wa mtaa. Mwanamke mmoja alifagia kizingiti chake siku nzima, na kinyozi akaanza kuzichoma nywele za wateja wake mbele yao. Mwalimu akaja kwangu amechoka.

"Bi Fundi, wewe nalikusomesha. Nipa ukope mmoya."

"Mwalimu, nakupa kofia, nakupa futari, nakupa siri za mtaa mzima. Ukope sikupi."

Alijaribu sharubu la paka. Lilikuwa nene, mnyoo alihisi amepigwa boriti. Mwishowe alianza kung'oa nyusi zake mwenyewe. Alianzia ya kushoto, na kwa kuwa vijiti hupotea na kuvunjika, baada ya muda ya kushoto ikaisha, akahamia ya kulia. Wasiojua walidhani anaumwa. Sisi tuliojua tulikuwa tukimtazama paji la uso tu na kujua utafiti umefika wapi.

Mimi nilikuwa nikimsaidia kuwagusa, alasiri, sindano ikinichosha. Sikumpenda mnyoo hata mmoja. Nilikwenda kwa sababu Bi Faluda huketi chumba hicho hicho, na Mwalimu akiinama kwenye hadubini mtu lazima amjibu dadake anapouliza kwa mara nyingine marehemu mumewe amekwenda wapi. Mwalimu alikuwa akimjibu kila mara kwamba amekwenda Faza, mji wa ng'ambo, atarudi. Mimi nilijaribu siku moja kumwambia kweli, nikaona uso wake ukifiwa upya. Tangu hapo na mimi nikawa nampeleka Faza.

*

Imamu alikuja kukagua friji, maana kuna waliouliza kama nyumba yenye chombo kile huingia malaika. Aliifungua, akatia pua ndani, akanusa rafu moja moja. "Haina harufu," alitoa hukumu. Kisha akaomba aone hao wanyama. Alipoweka jicho kwenye hadubini alisema Subhanallah, akasema tena, akaketi. Tulimsahau pale. Alikuwa akituhadithia anachoona, huyu anageuka, huyu anakula, huyu ana mayai ndani yaonekana wazi. Karibu alasiri impite.

Akauliza, "Na dume ni yupi?"

"Madume ni nadra," Mwalimu alisema. "Hawa wengi kila mmoya ni mume na mke peke yake. Hujipa mimba wenyewe."

Imamu aliondoa jicho. Akavua leso begani, akaifunika hadubini yote mpaka chini, kwa heshima, kisha akaaga. Ila alirudi Jumatano. Alisema amekuja kutazama wa halua.

Wakati wa kugawa dawa za minyoo kwa watoto, muuguzi mgeni aliuliza mtaani wapi tatizo ni kubwa zaidi, na watu wote kwa kauli moja wakamwonyesha nyumba ya Mwalimu. Alifika na mkoba wake akakuta minyoo wamewekwa kwenye visahani vya kioo, wenye baridi yao, wanalishwa tangawizi. Mwalimu alimweleza kwa adabu kwamba hawa ni wakaazi, si wageni. Muuguzi akamtazama zile nyusi, akampa kidonge. Mwalimu akakimeza palepale mlangoni, mbele ya watu, ili aondoe shaka kwamba anawaonea huruma minyoo wote.

Haikusaidia. Mama mmoja alimletea kwenye chupa ya jemu mnyoo mrefu kama kamba ya kiatu, aliyetoka kwa mwanawe. "Nimekuletea mama yao," alisema. Mwalimu aliipokea chupa kwa mikono miwili, akashukuru. Hakuwahi kurudisha zawadi ya mtu.

Umeme ulipokatika ndipo tulipofanya la wazimu kuliko yote. Tuliwatoa minyoo, tukawapanga sakafuni, tukawazungushia leso zilizorowa maji ya mtungi, tukawapepea kwa vipepeo vya ukili. Mwalimu upande huu, mimi upande ule, Bi Faluda katikati akipepea kwa nguvu kuliko sisi wote na jasho likimtiririka.

"Ni akina nani hawa?" aliuliza.

"Wageni," Mwalimu alisema.

"Maskini. Wametoka nti baridi," alisema Bi Faluda, na akazidisha kupepea.

*

Mwalimu alikuwa na semi zake, na mtaa ulizichukua kwa kumcheka kisha ukasahau kwamba unamcheka. Mtu akisifu ndoa changa, mwingine humwambia, "Ngoja wafe, ndipo useme." Hiyo ni ya Mwalimu, aliisema juu ya minyoo walioonekana wazima mapema. Nyingine ilikuwa, "Mmoja si ushahidi." Na ile aliyoipenda zaidi ni hii: "Mnyoo hadanganyi, kwa kuwa hana wa kumpendeza."

Alichukia uongo kweli. Darasani alikuwa akisamehe ujinga, uvivu, hata kelele, lakini si mtu aliyeandika jibu alilotaka liwe badala ya lile aliloliona. Na mtu huyo huyo alikuwa akimpeleka shemeji yake Faza mara kumi kwa siku. Nilipomtania kwa hilo alisema, "Hiyo si sayansi, Bi Fundi. Hiyo ni dadangu." Alitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake, akasahau chai mpaka ikaota utando, na huku akipigania kumbukumbu ya mtu mwingine. Inzi alikuwa akimwua bila huruma. Mnyoo akifa, Mwalimu alikuwa akiinamisha kichwa kidogo. Nilimwona.

Na hao wa kunazi hawakufa. Wenzao walikuwa wamelala kama uzi uliodondoka, wao, wa umri ule ule, ukiwagusa wanarudi nyuma. Taratibu, kama wazee, lakini wanarudi. Mwalimu hakufurahi. Alirudia tangu mwanzo, na minyoo wengine, kisha wengine, na kila mara wa kunazi walirudi nyuma. Alianza kuzungumza kwa sauti ya chini ndani ya nyumba yake. Alimwandikia mwanafunzi wake. Alimnunulia dadake kunazi kapu zima, akawa anamlisha moja moja, akimtazama usoni kwa namna niliyoona aibu kuitazama.

"Mmoja si ushahidi," nilimkumbusha.

"Najua," alisema. "Najua."

*

Ilikuwa Ramadhani. Mwalimu alikwenda kusali alasiri akakaa kusikiliza darasa. Mimi nilikuwa jikoni kwangu. Bi Faluda aliamka usingizini, akapita mbele ya friji, na kupitia mlango ule wa kioo akaviona visahani vyake, vyote, vimepangwa kwenye rafu, vimeganda vizuri. Jua lilikuwa linashuka. Nani asingeelewa? Faluda imekwisha gandishwa, watu wamefunga, na hakuna aliyeipeleka.

Alichemsha maziwa. Mikono yake ilijua kazi, hiyo haikusahau. Akatia sukari? Hapana, sukari aliisahau. Lakini iliki alitia, na mawaridi, na lozi zilizokatwa nyembamba, akayamimina maziwa yangali ya moto juu ya kila kisahani, akawaita watoto waliokuwa wakicheza uchochoroni, akawatuma. Kisahani hiki kwa Bi Fundi, hiki kwa imamu, hiki kwa mwenye duka. Hakukosea nyumba hata moja.

Mwalimu alinikuta nimekiweka changu kwenye mkeka. Alisimama mlangoni, kofia imemwenda upande.

"Usile," alisema.

Nikakitazama. Ubavuni mwa kioo, penye lile tabaka safi chini ya maziwa, palikuwa na alama ndogo ya penseli aliyokuwa akiitia Mwalimu.

"Ndio wale?"

"Wote. Na wa kunazi." Akaketi kwenye kizingiti. "Amefurahi, Bi Fundi. Yuwaimba. Ana mawaridi mpaka viwikoni."

Ilibaki dakika chache adhana iadhiniwe. Nikavaa buibui tukatoka. Njiani nilikuwa nikiwaza jinsi atakavyosema, kwa sababu namjua: atasimama kila mlango, aeleze minyoo, vijidudu na dawa ya povu, kwa utaratibu, na mtaa wote utatapika, na kesho hakuna nyumba itakayopokea kisahani cha Bi Faluda mpaka anaingia kaburini. Kwa mwanamke huyo, hiyo ingekuwa ni kufa kabla ya kufa.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa. Mwalimu alisema, "Samahani. Faluda hini nimeipika mimi. Nimeiharibu. Naiomba niiregeshe."

"Lakini mtoto amesema ni ya Bi."

"Ni yangu."

Alisema hivyo mlango wa pili, na wa tatu, na kwa imamu, mtu yule asiyedanganya, akipokea kisahani baada ya kisahani na kukitia kwenye beseni nililolishika mimi. Kila mlango alizidi kujua kudanganya. Mlango wa mwisho alikuwa anaeleza hata alivyokosea kipimo cha chumvi.

Huo wa mwisho ulikuwa wa mwenye duka la kona, na adhana ilikuwa imekwisha. Alikuwa anajifuta ndevu.

"Haikuwa na sukari," alisema, "lakini iliki imekaa sawa. Nimeimaliza. Singeweza kumvunja moyo Bi."

Kisahani chake kilikuwa na alama ya kunazi.

*

Waliobaki walikuwa wamekufa kwa maziwa ya moto. Mwalimu aliwatazama wote kwa hadubini, mmoja mmoja, akawagusa kwa unywele wa nyusi zake. Hakurudi nyuma hata mmoja.

Kesho yake, kabla ya magharibi, sahani zilianza kuja. Sambusa, mikate ya sinia, tende zilizojazwa lozi, kuku wa kupaka. Hazikuletwa kwa Mwalimu. Zililetwa kwa Bi, na kila aliyeleta alisema mlangoni, kwa sauti ya kusikika ndani, "Ahsante kwa faluda." Watoto walikuwa wamekwisha sema yote, nani aliipika na aliitoa friji gani. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ukaamua kutojua. Mwaka ule walicheka sana faluda ya Mwalimu, walimcheka mpaka Idi, na alikubali.

Mwenye duka hakuugua. Afadhali angeugua. Wiki ile ile alitangaza kwamba kumbukumbu zake zimefunguka. Alikumbuka aliyemwibia kalamu chuoni. Alikumbuka maneno ambayo mama mkwe wake alimwambia siku ya arusi, akaenda kumjibu. Akaja barazani kwa Mwalimu akakumbuka kwamba mwaka fulani, darasani, alichapwa kwa jibu ambalo lilikuwa sahihi.

"Lilikuwa sahihi," Mwalimu alikiri, baada ya kufikiri. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Umebakiwa na ile faluda?"

Nilitaraji Mwalimu atamwambia kwamba mmoja si ushahidi. Hakumwambia. Nikamwona siku zilizofuata akiketi dukani, anamuuliza yule bwana mambo ya zamani, moja baada ya moja, na kumtazama mdomo. Nilikasirika. Nikamwambia waziwazi kwamba mtu huyu alikuwa mbea tangu zamani, hakusahau kitu, ila sasa amepata sababu ya kukisema. Mwalimu alisema, "Najua, Bi Fundi." Lakini kesho yake alikuwa dukani tena.

Mwanafunzi wake aliahidi mbegu mpya. Angeweza kuanza upya, na subira ya kuanza upya alikuwa nayo. Lakini kufikia hapo Bi Faluda alikuwa haendi tena kisimani. Mwalimu alisema minyoo wamejaa duniani, si wao walioadimika.

*

Mwaka huu, baada ya Idi, nilikwenda kuwaamkia. Friji bado iko palepale, inanguruma. Nilichungulia kupitia kioo kwa mazoea na nikaona visahani vimepangwa vyote.

"Faluda," Mwalimu alisema. "Baridi iwafaayo minyoo yaifaa sana na faluda. Hilo sikulisoma popote." Nyusi zilikuwa zimemwota tena, nyeupe pe, nene kuliko zamani. Anapika kila siku, alinieleza, kwa kuwa ndicho chakula pekee ambacho dadake hakisukumi.

Aliingia jikoni kuniletea kahawa. Bi Faluda alikuwa kitandani, mdogo, leso imemfunika mpaka kidevuni. Aliniashiria nisogee.

"Mwanangu, huyu bwana wa nyusi nyeupe, wamyua?"

"Namjua, Bi."

"Mimi simyui." Alitazama mlango wa jikoni, akashusha sauti. "Yuwaya kila siku na kisahani. Faluda yake haina iliki. Lakini namwita kaka, naye hufurahi. Usimwambie. Atavunjika moyo."

Nikamwahidi. Nilikunywa kahawa yangu bila kuinua uso, na Mwalimu akanisindikiza mpaka barazani.

"Amekwambia nini?"

"Amesema faluda haina iliki."

"Na lingine?"

"Hakuna."

Mwalimu akanitazama kama alivyokuwa akinitazama darasani. "Kudanganya hujui, Bi Fundi. Amekwambia hanijui, na usinambie."

Uchochoroni punda alikuwa anapita na mawe, tukajibana ukutani wote wawili mpaka akatupita.

"Mnyoo hadanganyi," Mwalimu alisema, "kwa kuwa hana wa kumpendeza. Dadangu anidanganya kila siku. Huniita kaka nami naona mato yake usoni pangu yanitafuta hayanipati. Basi anaye wa kumpendeza. Yumo mle ndani bado." Akaingia, akatoka na kisahani kimoja, kile kilichopasuka ukingo. "Haya. Usiniregeshee kitupu."

Nilivuka nikaketi kwangu nikaila yote. Kweli haikuwa na iliki. Kesho yake nilipokirudisha kisahani nilikijaza iliki mpaka ukingoni, nikakiweka mlangoni kwao, nikapiga hodi na kuondoka.